Maziwe: Mwamba Uliopoteza Kisiwa Chake

Kilomita zipatazo 8 kutoka mji wa Pangani, mkoani Tanga, upande wa kusini-mashariki, kuna mahali ambapo hati za serikali bado zinapaita kisiwa. Ukifika maji yamekupwa utakuta fungu la mchanga mweupe, kubwa kiasi cha watalii kushuka, kutandika na kula chakula chao cha mchana kabla ya kurudi majini kutazama samaki. Ukifika bamvua limejaa, hukuti kitu. Nahodha atapunguza mwendo na kukuonyesha kwa kidole pale rangi ya maji inapogeuka kutoka buluu kuwa kijani: ndipo hapo.

Hakikuwa hivyo. Hadi miaka ya 1970 Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje zaidi, na kasa walipanda kutaga kwa wingi hata watafiti wa wakati ule wakakihesabu kuwa mazalio muhimu kuliko yote ya kasa Tanzania. Mwaka 1975 kikatangazwa kuwa eneo tengefu la bahari, miongoni mwa ya mwanzo nchini. Muongo ule haujaisha vizuri, ukingo ulikuwa unalika, miti inaanguka, mchanga umebaki bila mzizi wa kuushika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yalikuwa yanapita juu. Tulitenga kisiwa, tukabaki na utengefu.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa pumzi moja: bahari imepanda, kisiwa kimezama. Ndivyo kinavyotajwa katika taarifa rasmi za mabadiliko ya tabianchi za Tanzania, sambamba na Fungu la Nyani la huko Rufiji. Ni maelezo mafupi na yanafaa kwenye hotuba. Kwa maoni yangu yanakosea mara mbili, tena kwa njia zinazopingana: yanaibebesha bahari lawama isiyo yake kwa yaliyotokea miaka ile, na yanaificha lawama iliyo yake kweli kwa yanayotokea sasa chini ya maji, kwenye mwamba wenyewe. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kistahili kufunguliwa upya.

Mchanga ule ulitoka wapi

Mchanga wa Maziwe haukuletwa na mto. Mto Pangani unashuka na udongo na changarawe za milimani, vitu vya rangi ya kahawia vinavyotia maji tope karibu na mlango wake. Mchanga wa Maziwe ni mweupe kwa sababu ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe, na mabaki ya mwani ule mgumu unaojijengea mwili wa chokaa, vyote vikiwa vimesagika. Kisiwa hiki kilizaliwa na mwamba kilioukalia.

Tumbawe ni mnyama. Ni mdogo, ana mdomo na minyiriri, na anaishi kwa mamia na maelfu kwenye jengo moja analolijenga mwenyewe kwa chokaa anayoitoa katika maji ya bahari. Chakula chake kingi hukipata kwa mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama yake. Mwani huo hutumia jua, tumbawe hulipwa sukari, na kwa nguvu hiyo hujenga. Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo, ambayo mvuvi huyakwepa asije akapasua ngalawa, huongeza sentimita 1 hivi kwa mwaka, na ndani yake kuna matabaka ya kila mwaka yanayosomeka kama ya mti. Huko Malindi, Kenya, watafiti wamechimba vipande virefu vya matumbawe ya aina hii na kusoma ndani yake historia ya joto la bahari kurudi nyuma hadi mwanzo wa karne ya 19. Kipande kingine kikaonyesha jinsi udongo uliomomonyoka na kushuka na mto Sabaki ulivyoongezeka katika karne ya 20.

Halafu kuna anayesaga. Huyu ni pono, yule yule anayesingiziwa usingizi, ambaye mchana kutwa hana hata dakika ya kulala: meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, naye huparua mwani juu ya mwamba na kumeza chokaa pamoja nao. Chokaa hiyo hutoka nyuma ikiwa mchanga. Kwenye kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa kwenye mwamba ulitokana na pono. Watu wa vijiji vya Ushongo na Kigombe wanaomtega pono kwa madema hawajawahi kumwona kama mjenzi wa fukwe, na mtu hawezi kuwalaumu. Kwenye mnada wa samaki anauzwa kwa uzito wake.

Kwa hiyo kisiwa cha namna hii ni kama duka: kinaishi kwa tofauti ya kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia ni chokaa ya matumbawe na ya mwani mgumu, iliyosagwa na kusukumwa juu na mawimbi. Kinachotoka ni mchanga unaovutwa na mkondo hadi ukingoni mwa mwamba na kudondokea kwenye kina, usikorudi. Mwambao huu una mabwana wawili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kila mmoja husukuma mchanga upande wake. Fungu hutembea. Msimu mmoja kichwa chake kiko huku, msimu wa pili kiko kule. Kisiwa chenye miti hutembea polepole, kwa sababu mizizi huzuia na majani hunasa mchanga unaopeperushwa. Kisicho na miti hutembea anavyotaka upepo.

Bahari ya miaka ya 1970 ina kesi ya kujibu?

Ukiuliza barazani Pangani nani aliua Maziwe, wazee watakwambia miti ilikatwa. Vijana waliosoma watakwambia tabianchi. Wapo wanaosema ni amri ya Mungu na mazungumzo yakaishia hapo.

Nianze na hao vijana. Tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1980, bahari za dunia kwa wastani zilipanda kiasi cha sentimita 10 hivi. Mwambao wa Tanga, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Kisiwa kilichovumilia mita 3 za maji kupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa karne nyingi, hakimalizwi ndani ya miaka michache na sentimita zilizojikusanya kwa miaka 80. Zaidi ya hapo, mnara wa kupimia maji wa Zanzibar, ulio karibu na unaotoa kumbukumbu za muda mrefu, ulianza kazi mwaka 1984. Miti ya Maziwe ilikuwa imeshaanguka. Mtu anayetaja milimita za kupanda kwa bahari zilizoua kisiwa kile anasoma kipimo kilichowekwa baada ya mazishi.

Ushahidi wa visiwa vingine nao unaelekea hukohuko. Mwaka 2019 mtafiti Mfaransa Virginie Duvat alikusanya vipimo vya visiwa 709 vya Pasifiki na Bahari ya Hindi vilivyojengwa na matumbawe. Karibu asilimia 89 ama vilibaki na ukubwa wake, ama viliongezeka, katika miongo hiyohiyo ambayo bahari ilikuwa inapanda. Vilivyopungua zaidi vilikuwa vile vidogo. Hili halimaanishi kwamba kupanda kwa bahari ni porojo. Linamaanisha kisiwa cha matumbawe ni kitu kilicho hai, kinaweza kujiongeza mradi mwamba wake unazalisha na mchanga una kitu cha kuushika. Maziwe kilikuwa kidogo na kilipoteza vyote viwili.

Wazee basi wana haki kuhusu miti? Kwa sehemu kubwa, naona ndiyo. Mvinje ni kuni nzuri, inashika moto hata mbichi, na kisiwa kilikuwa mahali pa kupumzikia wavuvi. Lakini mti peke yake hauelezi yote, kwa sababu kukata mti hakuchimbi mchanga. Kinachochimba ni wimbi, na wimbi lazima kwanza lipite mwamba.

Hapo ndipo linakuja jambo ambalo kwenye masimulizi ya tabianchi huwa halitajwi: baruti. Uvuvi wa mabomu ulienea mwambao wa Tanga tangu miaka ya 1960, na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku bila kuumaliza. Bomu moja huua kila samaki karibu yake na kugeuza matumbawe ya miaka mingi kuwa kokoto. Kokoto hizo hubiringika na kila mawimbi, hivyo mtoto wa tumbawe anayetua juu yake husagwa kabla hajashika. Ndiyo maana shimo la bomu linaweza kukaa miongo kadhaa bila kupona wakati mwamba wa pembeni, usioguswa, umejaa. Mwaka 2015 bado, boti ya utafiti iliyopita pwani nzima ya Tanzania ikiwa na vinasa sauti vya chini ya maji ilirekodi milipuko zaidi ya 300. Baada ya hapo serikali ilifanya operesheni ya pamoja ya vyombo kadhaa na milipuko ikapungua sana. Lakini hesabu ya mwamba haifutwi na operesheni.

Mtu anaweza kuuliza inahusu nini kisiwa. Inahusu hivi: wimbi haliwezi kuwa kubwa kuliko kina cha maji kinavyoruhusu. Likifika juu ya mwamba wenye maji machache huvunjika, na kinachovuka ni mabaki. Utafiti uliokusanya vipimo vya sehemu mbalimbali za dunia na kutolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba miamba ya matumbawe hukata kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ukingo wa juu wa mwamba. Ukivunja ukingo huo, au ukiuacha ufe na kulika, umefungua mlango wa upande wa kusi. Kisiwa kisicho na mizizi, nyuma ya mwamba uliotobolewa: hapo huhitaji bahari kupanda hata sentimita moja.

Mwamba wenyewe leo

Hadi hapo nimeitetea bahari. Sasa niigeukie, maana kila niliposema kisiwa kingeweza kujiongeza nilitanguliza sharti: mwamba uwe unazalisha. Na hilo ndilo bahari ya leo inaloliharibu.

Joto kwanza. Kila mvuvi wa Pangani anajua Machi na Aprili, kaskazi inapokata na kusi haijashika, wakati wa maleleji, bahari hutulia kama imemwagwa mafuta. Maji huwa safi, jua ni la utosi, na hakuna upepo wa kuyachanganya ya juu na ya chini. Kwa mwogeleaji ni raha. Kwa tumbawe ni kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa sababu mwani ulio ndani yake, ukizidiwa na joto na mwanga kwa pamoja, huanza kutoa sumu badala ya sukari. Tumbawe humfukuza mpangaji huyo. Rangi ilikuwa ya mwani. Akiondoka, unaona chokaa nyeupe kupitia nyama isiyo na rangi. Hiyo ndiyo kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa, lina njaa. Kusi likiingia mapema, likaleta mawingu na kuchafua bahari, joto hushuka na mwani unaweza kurudi. Kusi likichelewa, njaa inaua.

Kizingiti si kikubwa. Wataalamu hupima nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali husika. Maji yakikaa hapo wiki 4 hivi kupauka huanza kuonekana. Yakifikisha jumla ya wiki 8 vifo huwa vingi. Nyuzi moja tu, na bahari imekuwa ikimeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi tunazotoa kwa kuchoma mafuta, hivyo kila maleleji yanaanzia ngazi ya juu kidogo kuliko ya miaka iliyopita. El Niño ikiongezeka juu yake, kizingiti kinavukwa.

Mwaka 1998 ndio uliofungua macho. Kati ya Machi na Mei, miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipauka kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na sehemu nyingine, Mafia ikiwamo, ilipoteza matumbawe yake mengi. Ikaja 2016. Kisha, Aprili 2024, NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, ikatangaza tukio la nne la kupauka la dunia nzima, na Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya nchi zilizoguswa. Ukiacha vipindi vidogo vya katikati, kutoka la 1998 hadi la 2016 ni miaka 18. Kutoka hilo hadi la 2024 ni miaka 8. Matumbawe ya matawi, ambayo ndiyo yanayorudi haraka, huhitaji miaka 10 au zaidi kujaza mwamba uliokufa, na hiyo ni pale ambapo kuna matumbawe wazazi juu ya mkondo, kokoto zimetulia, na samaki wala-mwani wapo wa kufagia nafasi. Muda wa kupumua umekuwa mfupi kuliko muda wa kupona.

Kwa mchanga wa Maziwe athari yake inadanganya. Miaka michache baada ya kufa kwa matumbawe, mchanga huweza hata kuongezeka, kwa kuwa mifupa iliyokufa huvunjika na kusagwa. Mtu anaweza kuona fungu limenenepa akafurahi. Ni akiba inayoliwa, si mapato.

Kuna habari ya afueni, na ni ya kwetu. Mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Mombasa na shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, alitoa matokeo yanayoonyesha kwamba mwambao kutoka Shimoni, kusini mwa Kenya, kushuka hadi Dar es Salaam una mahali ambapo matumbawe yamestahimili joto kuliko majirani zake. Maelezo yake ni mabonde ya chini ya bahari, yaliyochongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji yaliyoshuka kutoka Kilimanjaro na Usambara, ambayo sasa huingiza maji ya baridi kutoka kwenye kina hadi karibu na miamba. Mkondo wa Pemba ni mmojawapo wa milango ya maji hayo. Ndio huohuo unaomleta karibu na pwani silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa kwenye majarife ya wavuvi wa Kigombe miaka ya 2000 na kusababisha kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Maziwe imo ndani ya mwambao huo wa afueni.

Nisiipambe kupita kiasi. Maji ya kina ni ya baridi, lakini kwa kawaida pia yana hewa ukaa nyingi kuliko ya juu, na hapo tunagusa tatizo la pili.

Karibu robo ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu huyeyukia baharini. Ikiyeyuka huongeza tindikali. Kiwango cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka 8.2 hivi kabla ya viwanda hadi karibu 8.1. Inaonekana tofauti ndogo, lakini kipimo hiki huenda kwa kuzidisha: ni ongezeko la tindikali la takriban asilimia 30. Maji hayajawa makali kiasi cha kuyeyusha mwamba mbele ya macho yako. Yanachofanya ni kupunguza malighafi ambayo tumbawe hujengea, kwa hiyo hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kwa chokaa ileile, au hujenga jengo jepesi lenye matundu. Jengo hilo huvunjwa kirahisi na mawimbi na kutobolewa kirahisi na sifongo na minyoo wanaoishi kwa kutoboa mwamba. Tindikali haina siku ya msiba kama joto. Inapunguza mapato ya duka kidogo kidogo, na hakuna atakayepiga picha.

Mto ninaupitia haraka. Mabwawa ya Nyumba ya Mungu na Hale yamezuia maji na udongo mwingi, mlango wa Pangani umeliwa, na chumvi imepanda mtoni hadi minazi na visima vikalalamika. Kwa mji ni jambo kubwa. Kwa Maziwe, iliyo kusini-mashariki ya mlango wakati mkondo wa pwani unaelekea kaskazini mwaka mzima, si mshtakiwa mkuu. Vimbunga vivyo hivyo: tuko karibu mno na ikweta, ingawa kile cha Zanzibar cha 1872, cha Lindi cha 1952, na Hidaya ya Mei 2024 ni ukumbusho kwamba karibu mno si salama kabisa.

Nani ataikimbiza bahari

Sasa ndipo kupanda kwa bahari kunapoingia, kwa mlango wake halali. Kati ya 2006 na 2018 bahari zilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka, kasi iliyo zaidi ya maradufu ya wastani wa karne ya 20, na inaendelea kuongezeka. Swali kwa Maziwe ni kama uso wa mwamba unaweza kupanda milimita hizohizo. Nimesema tawi hurefuka sentimita 10 kwa mwaka, kwa hiyo mtu atafikiri jibu ni rahisi. Lakini matawi huvunjika, huliwa, husagwa, na kinachobaki kimeshikamana kama mwamba mpya hupimwa kwa milimita chache tu, tena mahali palipo na afya.

Kwamba miamba inaweza kuifuata bahari, Tanga yenyewe ni shahidi. Mawe ya kingo za Raskazone, yale yenye ncha za kukata miguu, ni mwamba wa matumbawe ulioota enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kipindi kimoja cha namna hiyo, miaka 125,000 hivi iliyopita, ilizidi ya sasa kwa mita 6 hadi 9. Na mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojenga msikiti na makaburi ya nguzo ya Tongoni. Miamba ya karibu na hapo ilikuwa na nguvu ya kutosha Aprili 1498 kuikamata São Rafael, merikebu ya Vasco da Gama, iliyopanda fungu la Mtang'ata na kusubiri maji yajae. Mwaka uliofuata waliichoma hukohuko kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Miamba ya zamani iliifuata bahari kwa sababu maji hayakuwa yanapausha matumbawe kila baada ya miaka michache, na wala hakukuwa na baruti.

Mwaka 2018 timu ya Chris Perry wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, ilichapisha katika jarida la Nature hesabu za miamba zaidi ya 200 ya Atlantiki na Bahari ya Hindi. Hitimisho lao ni kwamba hata kwa makadirio ya kati ya utoaji wa gesi, ni michache itakayoweza kwenda sambamba na bahari bila matumbawe kurudi katika hali yake. Kwa makadirio mabaya, mingi itakuwa na zaidi ya nusu mita ya maji ya ziada juu yake kufikia 2100. Kumbuka kanuni ya wimbi. Nusu mita ya maji juu ya ukingo ni ruhusa kwa mawimbi makubwa zaidi ya kusi kufika kwenye mchanga. Mwamba wa Maziwe hautakiwi kufa ili kisiwa kisirudi. Unatakiwa kuchelewa tu.

Kasa hawajapata taarifa hizi. Wanaendelea kupanda fungu hilo na kutaga, na mayai yangeoza kwenye maji bamvua la kwanza likijaa. Watu wa uhifadhi huyafukua na kuyazika upya ufukweni Ushongo, na watoto wa kasa huanguliwa huko bara. Kazi hii inafanywa kwa mikono, na ni gharama ya kukosa kisiwa iliyoangukia kijiji kimoja.

Kuhusu nini kifanyike, nina msimamo. Kupanda mivinje juu ya fungu linalofunikwa na maji ni kupanda kuni za msimu ujao. Kuotesha matumbawe kwenye fremu za chuma na kuwapigisha picha wageni si vibaya, inafundisha, lakini eneo linalooteshwa ni dogo mno kwa mwamba wa ukubwa ule, na joto la maleleji halichagui kati ya tumbawe lililopandwa na lililojiotea. Kilicho mikononi mwetu Pangani ni vitu viwili visivyo na mvuto wa picha: pono na ukingo wa mwamba. Eneo tengefu kisheria haliruhusu uvuvi wowote, basi liwe hivyo hata usiku na hata siku doria haina mafuta. Na nje ya mpaka, madema yawekewe upenyo wa kutorokea samaki wachanga, jambo lililokwisha kujaribiwa Kenya. Ukingo uangaliwe baruti isirudi.

Cha tatu ni kupima, na si ghali. Vipimajoto viwili vikae chini ya maji mwaka mzima, kimoja upande wa kusi na kimoja upande wa bara. Miraba michache yenye alama ipigwe picha kila mwaka maleleji yakiisha, na urefu wa uso wa mwamba uchukuliwe kutoka kwenye nguzo moja isiyosogea. Sehemu ya kiingilio cha watalii inatosha. Na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ya Ushongo kabla hayajafika Dar es Salaam, kwa sababu wenye madema ndio watakaoamua kama pono watabaki.